Iskandaria ya Saa za Kula

Miaka ile Iskandaria haikuhitaji saa ya ukutani. Ukisikia upawa unagongwa kwenye shingo ya mtungi wa shaba, ujue alfajiri imeshapita na ful imeiva. Ukisikia kitunguu saumu kinachachatika kwenye kaango, mchana umeingia na watu wa Manshiya wanakula maini. Jioni ilitangazwa na moshi wa mahindi ya kuchoma kando ya bahari, na usiku wa baridi ulitangazwa na harufu ya viazi vitamu ikipanda ngazi hadi vyumbani mwa wanafunzi wasio na kitu mfukoni. Nilifika huko 1983, kijana mwembamba wa Kibokoni, Mombasa, nimepata nafasi ya masomo. Nakwambia kweli, ndugu yangu, mji ule niliujua kwa tumbo kwanza. Hata leo ukinitajia mtaa, mate hunijaa kabla jina la barabara halijanijia.

Misri haikuwa ngeni kwetu. Redio ya Kairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, na wazee wa barazani petu walimzungumza Jamal Abdel Nasser utadhani ni shemeji yao. Basi nikaondoka nyumbani nikidhani naijua Misri. Kumbe kuna Kairo, na kuna Iskandaria, na mtu wa Iskandaria ukimchanganya na wa Kairo hununa hadi kahawa yake ipoe. Wale wana mto, hawa wana bahari. Mtu aliyelelewa na chumvi puani huitambua tofauti hiyo tangu anaposhuka kwenye treni.

Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, kile cha kusomea Qurani na kuhifadhi mashairi ya maulidi. Asubuhi ya kwanza nikajipanga mbele ya mkokoteni wa ful, zamu yangu ikafika, nikaagiza kwa irabu zote zimetimia, sauti nimeivuta pale inapostahili kuvutwa. Foleni nzima ikaitikia: "Amin!" Tangu siku hiyo yule mzee wa ful hakuniita jina jingine. "Maulana, limau zaidi?" "Maulana, leo umechelewa, mtihani?" Wengine mjini waliniita Msudani, na wengine waliapa mimi ni mtu wa Aswan ninayejifanya mgeni ili nionewe huruma. Kwa yule mzee nilibaki Maulana hadi nilipoondoka.

Ful, kwa asiyeijua, ni maharage mapana ya rangi ya udongo. Huchemshwa usiku kucha kwa moto mdogo ndani ya mtungi wenye tumbo kubwa na shingo nyembamba, wanaouita qidra. Shingo ni nyembamba ili mvuke usikimbie, na kwa sababu hiyo upawa wake una kichwa kidogo na mpini mrefu, maana upawa wa nyumbani haupiti. Mzee aliinamisha mtungi kidogo, akazamisha upawa hadi kiwiko kikakaribia mdomo wa mtungi, akamimina bakulini na kuponda kwa uma mara mbili tatu. Halafu zikafuata mafuta, chumvi, bizari nyembamba na limau. Na kwa kuwa tuko Iskandaria, ziliongezwa nyanya, kitunguu na pilipili hoho vilivyokatwakatwa, na tahina, ule ufuta uliosagwa, ikamwagwa juu kwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kupima kitu maishani mwake. Kando yake kijana alikuwa akidondosha falafel ndani ya mafuta. Hizo nazo ni za maharage yayo hayo, yamelowekwa na kusagwa mabichi pamoja na majani mengi, kiasi kwamba ukiimega moja ndani ni kijani kibichi na mvuke unakuchoma kidole.

Mimi nililelewa kwa mahamri na mbaazi za nazi. Siku za mwanzo niliitafuta nazi ndani ya bakuli lile kwa majonzi ya kweli. Majuma yakapita, nikaacha kuitafuta.

Nilipanga chumba Ibrahimiya na mwenzangu mmoja Mngazija aliyekuwa akisomea udaktari. Ibrahimiya ilikuwa mtaa wa Wagiriki zamani. Wengi wao walikwishaondoka baada ya 1956 na ule utaifishaji wa mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakaacha majengo yenye roshani za chuma kilichosukwa maua, na lifti ambazo zilikuwa zimekata roho. Jengo letu lilikuwa na ngazi za marumaru zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Sisi tulikuwa ghorofa ya nne. Ghorofa ya tatu alikaa Hajja mmoja mjane, na yeye ndiye aliyekuwa serikali ya jengo zima.

Hajja hakushuka ngazi. Alikuwa na kikapu na kamba ndefu, na kila asubuhi alitoka rohani... samahani, roshani (kalamu ya uzee hii) akaita kwa sauti iliyofika hadi njia ya tramu. Kikapu kilishuka kikiwa na pesa ndani ya bilauri, kikapanda na nyanya, au mkate, au jibini nyeupe iliyofungwa karatasi, pamoja na chenji yake. Muuza mboga alipotaka kumlalia bei, kikapu kilining'inia nusu ya njia wakati mazungumzo yakiendelea, na mtaa mzima ulisimama kusikiliza hukumu. Siku moja alikivuta akakuta ndani yake amepanda paka. Iskandaria ni mji wa paka, na huyu alikuwa ameshaelewa kwamba samaki husafiri kwa njia hiyo. Hajja alimtazama, akamwambia "karibu", akamfunga ndani asiwafundishe wengine.

Mkate uliletwa na vijana wa baiskeli. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika chanja ya mbao kichwani, ndefu kupita kitanda, na juu yake mikate ya mviringo imetuna kwa joto. Walipita katikati ya magari wakipiga mluzi tu, bila kengele. Sikuwahi kuona mkate ukianguka, ingawa nilikuwa nikisubiri kwa hamu, kwa sababu wanafunzi tulishaamua kwamba ulioanguka ni wa aliye karibu.

Kutoka Ibrahimiya dunia yote ilifikika kwa tramu. Njia ya Raml ni ya zamani sana, ilianza kuchukua abiria miaka ya 1860, na vituo vyake ukivisikia vikiitwa utadhani mtu anasoma historia kwa fujo: Kambi ya Kaisari, Sporting, Kleopatra, Sidi Gabir, Glim, San Stefano, hadi Victoria. Mabehewa ya buluu yalikwenda polepole, na upole huo ndio uliowapa riziki wachuuzi. Aliyekuwa mahiri kuliko wote ni muuza samit, vile vipande vya mkate vya duara vyenye ufuta. Alivitunga kwenye fimbo, akarukia behewa likiwa mwendoni, akauza hadi mwisho wa behewa, kisha akateremka kabla kondakta hajafika. Ukinunua kimoja, unapewa na kijikaratasi kilichofungwa chumvi, ufuta na bizari za kusaga, uchovyee. Mkiwa mmebanana, unachovya wewe na anachovya na jirani usiyemjua, na tramu ikifunga breki bizari yote inaishia kwenye koti la mtu wa tatu.

Sasa ngoja nikupeleke kwenye maini, kwa kuwa hapo ndipo Iskandaria inapoweka heshima yake. Maini ya Kiiskandaria hupikwa Misri nzima, na kila mahali hubandikwa jina la mji huu, lakini ukitaka kujua yalivyo simama nyuma ya Manshiya saa saba mchana. Manshiya ni ule uwanja ambako Nasser alisimama Julai 1956 akatangaza kwamba Mfereji wa Suez sasa ni mali ya Misri. Mimi nilikuwa nikienda pale kwa jambo dogo zaidi. Mkokoteni ulikuwa na vioo pande tatu, umepakwa rangi nyekundu na maneno ya kumkinga mwenyewe na jicho la hasidi. Ini la ng'ombe lilikatwa vipande vyembamba vya urefu wa kidole, likasubiri kando, bichi, bila chumvi. Kaango lilikuwa jeusi na pana, na mpishi hakuligusa hadi mafuta yaanze kutoa moshi. Hapo alitupa konzi moja tu. Ukimwaga mengi kwa pamoja, kaango linapoa, ini linatoa maji, na umeshapika mchuzi badala ya kukaanga. Likaja saumu lililopondwa, pilipili za kijani ndefu, bizari nyembamba, na limau mwishoni. Yote hayo kwa muda ambao mtu hutumia kutafuta sarafu mfukoni. Mkate wa fino, ule mrefu mdogo laini, ukapasuliwa kwa kidole gumba na kujazwa, tahina ikapita juu, na achari ya karoti na figili ikawekwa kwenye kisahani cha bati.

Halafu kuna namna ya kula. Hukai. Unasimama, miguu umeitanua, mwili umeuinamisha mbele, na tai kama unayo unaitupa begani. Makarani wa mahakama, mabaharia, wanafunzi, wote wameinama mkao mmoja, na mafuta yanadondoka barabarani badala ya kwenye shati. Mjini kulikuwa na mzaha kwamba usimwulize muuza maini mnyama alikuwa nani. Mwenzangu Mngazija, kwa kuwa ni mtu wa udaktari, alikataa kula kwa mwezi mzima akitoa sababu za kisayansi. Siku aliyoonja, alikula mikate minne na kurudi nyumbani bila kuzungumza.

Fedha zetu za masomo zilikuwa na tabia ya kuchelewa, na zikichelewa tulitembea. Kutembea ndiko kulikonifunza mji. Kutoka Ibrahimiya tulishika Korniche, ile barabara ya ufukweni, bahari mkono wa kulia, hadi kituo cha Raml, ambako Saad Zaghlul wa shaba, kiongozi wao wa zamani, amesimama anatazama maji. Pale ndipo palipokuwa na mikahawa ya keki ya enzi za Wazungu, Trianon na Délices, yenye vioo virefu na wazee waliovaa suti wakisoma magazeti ya juzi. Tulisimama nje tukachagua keki kwa macho, kila mtu yake, tukashukuru, tukaendelea na safari.

Majira ya baridi yalikuwa na ratiba yake. Wavuvi wa Iskandaria huzijua dhoruba kwa majina na tarehe, na dhoruba zenyewe mara nyingi hutii. Ya katikati ya Novemba ni Maknasa, yaani fagio. Desemba huja Qasim. Januari huja Fayda Kubwa, na mwishoni mwa Machi huja Awwa, ya kufunga hesabu. Dhoruba ikiingia, mawimbi hupanda ukuta wa Korniche na kulala barabarani, boti za Anfushi hufungwa, na bei ya samaki hupaa. Wachuuzi wote hutoweka isipokuwa wawili. Wa kwanza ni wa viazi vitamu, ambaye mkokoteni wake una tanuri na bomba la moshi, na viazi vyake hutoka vimepasuka ngozi na asali imeganda pembeni. Wa pili ni wa halabissa. Hiyo ni dengu nzima iliyochemshwa hadi ikalainika, ndani ya supu yake yenye nyanya, limau na pilipili kali, na huletwa ndani ya bilauri pamoja na kijiko. Unakunywa, unatafuna, unavuta kamasi, upepo unataka kukuvua koti. Kwa mtoto wa pwani yetu, ambaye baridi aliisoma kwenye kitabu cha jiografia, bilauri ile ilikuwa jiko la kushika mkononi.

Jumamosi zetu zilikuwa za Anfushi, huko ncha ya mji, kwenye soko la samaki na mafundi wa boti. Pale niliingia kwa kiburi, kwa kuwa samaki najua. Niliwakuta mkizi, dagaa wakubwa, kamba, na kombe wadogo waitwao gandofli ambao watu huwala na limau na bizari. Kulikuwa na vijana waliopiga mbizi kwenye miamba wakaleta yule mdudu wa miiba myeusi ambaye sisi watoto wa Mombasa tulimjua kwa kumkanyaga tu. Wao humpasua kwa mkasi, wakachokoa ile nyama ya rangi ya chungwa kwa kipande cha mkate. Nilikula mmoja. Nilihisi nimelipiza kisasi cha utoto wangu.

Utaratibu wa pale ni kwamba unamchagua samaki wako, unampima, unamlipia, kisha unampeleka kwa mchomaji jirani. Huyo humviringisha kwenye pumba za ngano hadi asionekane, akamlaza juu ya moto mkali. Mimi nilipoona pumba nilitaka kugombana. Samaki wa kwetu hupakwa nazi na ukwaju, pumba ni za kuku! Lakini pumba huungua, samaki haungui, na ukivunja lile gamba jeusi ndani unamkuta mweupe na maji yake yote.

Siku moja, samaki wakiwa wameshachomwa na kufungwa kwenye gazeti, mwenzangu akanivuta mkono kuelekea msikiti mkubwa wa Abul Abbas al-Mursi. Kwao Ngazija watu wengi ni wa tarika ya Shadhiliya, na huyu Abul Abbas, mzaliwa wa Murcia kule Andalusia aliyefia Iskandaria karne ya 13, alikuwa mwanafunzi wa Shadhili mwenyewe. Kwa hiyo kwa mwenzangu kumpita Abul Abbas bila kumsalimu ilikuwa utovu wa adabu. Tulipotoka akanionyesha msikiti mwingine, mdogo, ng'ambo ya uwanja. "Na yule ni Busiri," akaniambia, kana kwamba ananionyesha duka la viatu.

Nilisimama. Babu yangu alikuwa akiisoma Burda ya Busiri kila wiki pale Kibokoni, kwa sauti ya puani, kichwa kinayumba, nasi wajukuu tukisubiri ubani uishe tugawiwe halua. Na Hamziya, ambayo watu wa visiwa vya Lamu waliitia Kiswahili tangu kale, ni yake pia. Miaka yote nilidhani Busiri ni mtu wa kwenye vitabu. Kumbe ana anwani, tena mkabala na mchoma samaki. Tukaingia, lakini samaki je? Bawabu akaupokea mfuko bila kusema neno, akauweka nyuma ya kiti chake. Tulipotoka samaki walikuwa wamepungua mmoja. Bawabu alimtazama paka, paka alimtazama bawabu. Hatukuuliza.

Hakuna aliyeniandaa kwa Shamm en-Nesim. Hiyo ni sikukuu ya majira ya kuchipua, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Makopti, nayo huadhimishwa na Wamisri wote, Waislamu kwa Wakristo. Watu hutoka bustanini na ufukweni wakiwa na vitunguu, mayai yaliyopakwa rangi, na fasikh. Fasikh ni mkizi aliyeachwa avimbe kidogo kisha akafukiwa kwenye chumvi kwa majuma kadhaa. Kila mwaka Wizara ya Afya huwaonya watu wasimle, na kila mwaka watu husikiliza kwa makini, kisha humla. Wahenga wetu walisema hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi. Basi mkizi huyu alikuwa amekufa na hasira zake, na alikuwa akizitoa zote ndani ya ngazi za jengo letu. Hajja alitupandishia sahani kwa mkono wake mwenyewe, tukio ambalo halikuwahi kutokea. Mwenzangu akakimbilia maktaba. Mimi nililelewa na bibi aliyening'iniza papa mkavu jikoni, nikabana pumzi, nikala na kitunguu kibichi na limau. Hajja akanitazama hadi nilipomaliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kuanzia hapo kikapu chake kilipopanda, mara nyingine kilipandishwa ngazi hadi kwetu, ndani yake kuna mapera.

Kiangazi mji ulijaa watu wa Kairo waliokimbia joto, na wenyeji wakalalamika huku wakihesabu faida. Mikokoteni ya tunda la mpungate ilipangwa kando ya barabara, matunda yamelazwa juu ya barafu. Muuzaji alichinja ncha mbili, akapasua ngozi, akakuachia nyama uichukue mwenyewe, bila mwiba kukugusa. Ufukweni walipita vijana wenye sanduku la kioo begani wakiuza freska, biskuti nyembamba mno zilizobebana na asali na karanga. Mavazi meupe, kofia nyeupe, na sauti: "Freskaaa!" Wengi walikuwa wanafunzi wakitafuta ada.

Jioni ilikuwa zamu ya tirmis. Ni kunde bapa za manjano, chungu kupita mwarobaini zikiwa mbichi, kwa hiyo huchemshwa kisha hulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa hadi uchungu utoke. Unauma ncha, unabinya, kunde inarukia mdomoni na ganda linabaki vidoleni. Zilitiwa limau na bizari, zikafungwa kwenye karatasi iliyosokotwa ncha. Na karatasi hizo zilikuwa kurasa za madaftari ya shule. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma hati za mkono za Kimisri, nikiwa nimekaa juu ya ukuta wa Korniche nikitafuna kazi za watoto. Nilisoma insha juu ya manufaa ya Nile, na hesabu za treni mbili zinazokutana. Mara moja nilipata ukurasa ambao mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Hii ni aibu, mwite baba yako." Niliuhifadhi miaka mingi. Baba yake alikwenda? Swali hilo hunijia mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nilirudi baada ya 2024, na mke wangu, mimi nimeshakuwa mzee wa kuvushwa barabara. Sikutarajia kuukuta mji umenisubiri. Mji si mama mzazi. Jengo letu la Ibrahimiya halipo, pamesimama mnara wa ghorofa nyingi usio na roshani za kushushia kikapu, na chini yake kuna duka kubwa lenye kiyoyozi. Hajja alishatangulia, Mungu amrehemu. Vijana wa pikipiki wenye masanduku mgongoni wamejaa barabarani, wanapeleka falafel milangoni kwa watu waliozibonyeza kwenye simu. Zikifika hazichomi kidole. Mkate wa ruzuku, uliouzwa piasta 5 kwa zaidi ya miaka 30, ulipandishwa hadi piasta 20 mwezi wa Juni 2024, na kila niliyekaa naye alilianza jambo hilo kabla ya kumaliza kuniamkia. Maini bado yapo, mikao ya kuinama bado ipo, nami niliinama nikapata shida kuinuka.

Kilichoniuma zaidi ni bahari. Sehemu nyingi za Korniche sasa zimesimamishwa mikahawa na kuta upande wa maji, na ukitaka kuliona wimbi lazima uagize kinywaji. Matembezi yetu ya wakati wa njaa leo mtu anayafanya akitazama migongo ya majengo. Najua watu wanatafuta riziki, na mji wa mamilioni hauwezi kukaa ukitutunzia ukuta wa kukalia wanafunzi. Najua. Lakini ule ukuta ulikuwa kiti cha bure, na viti vya bure vinapungua duniani.

Muuza tirmis nilimpata kwenye kichochoro nyuma ya barabara, kijana, amesukumwa huko na askari wa manispaa. Alikuwa akiuza kwenye vikombe vya plastiki. Nikamwuliza, mwanangu, karatasi za madaftari ziko wapi?

"Ya Hagg," akanijibu, "watoto wa sekondari siku hizi serikali imewapa tableti. Nikufungie kwenye tableti?"

Nikacheka hadi akaniongezea bure. Nikanunua vikombe viwili, kimoja nikampelekea mke wangu hotelini, ambaye tangu tufike alikuwa akila biskuti alizotoka nazo Mombasa kwa kulionea huruma tumbo lake. Nikamwonyesha namna ya kuuma na kubinya. Ya kwanza ikamponyoka ikaruka hadi kwenye pazia. Ya pili akaitafuna polepole, akafikiri, kisha akauliza kama hawa watu hawana nazi.